Kufuli la Chemchemi

Kisa hiki kinaanza na kufuli. Bwana Mchome alikuwa ameizungushia uzio chemchemi ya kijiji na kuifunga, na tangu hapo wanawake wakawa wanashuka hadi bondeni kufuata maji.

Siku wakwe walipokuwa wanaleta mahari ya binti yake, Mchome alishuka sokoni asubuhi, akamwachia gari Nakijwa, muosha magari, alisafishe mpaka injini.

Wakati wa kurudi, gari likachemsha mbele ya chemchemi ile ile. Nakijwa alikwisha fika kwa njia ya mkato, amekaa na wanawake wenzake juu ya ndoo tupu.

"Usiguse kifuniko cha rejeta mpaka ipoe, bosi. Mvuke utakuunguza uso."

Mchome alisubiri, akafungua kufuli, akajaza maji. Nakijwa akakitazama kifuniko, akatikisa kichwa.

"Hiki hakishiki tena. Kila kona maji yatakuwa yamekwisha, kona ziko saba mpaka kwako juu mlimani, na wewe huna hata dumu."

"Wakwe wanafika saa sita."

"Basi tutakusimamia na ndoo kila kona. Ila ufunguo wa kufuli utuachie moja kwa moja."

"Mnanichezea?"

"Hapana, bosi. Unaweza kutembea."

Mchome aliutazama mlima, akavitazama viatu vyake vyeupe, akautoa ufunguo.

Alifika kwa ndoo saba. Wakwe, waliopanda nyuma yake, waliingia wakimsifu: kila kona akina mama waliwaambia kwamba Mchome amekirudishia kijiji chemchemi. Akacheka nao.

Jioni fundi wa magari alimuuliza Mchome mpira wa ndani ya kifuniko umekwenda wapi.

Kule chemchemini Nakijwa alikuwa akichota maji, amevaa pete nyeusi ya mpira kwenye kidole gumba.