Chafya ya Lebo Arobaini

Mficha uchi hazai. Methali hii huwachekesha wanafunzi kabla haijawafunza kitu, na walimu wengi huipitia mbiombio ili darasa lisichafuke kwa vicheko. Hata hivyo, maana yake ni nzito. Anayeona haya kulitoa tatizo lake hadharani hujinyima msaada kwa mikono yake mwenyewe, na wakati mwingine msaada huo uko karibu naye kuliko anavyodhani. Asiyeamini na asikilize kisa cha Bi Pini.

Bi Pini alikuwa mtunzaji wa chumba cha nondo katika jumba la makumbusho, ghorofa ya pili, mwisho wa ujia. Hizo si nondo za chuma za kujengea nyumba, ingawa jirani yake mmoja aliwahi kumwomba amnunulie ishirini kwa bei ya mfanyakazi. Hawa ni nondo wa mabawa, ndugu wa vipepeo, wale wanaokuja kujipigiza kwenye taa. Walikuwa maelfu, wamelazwa ndani ya droo zenye vifuniko vya kioo, kila mmoja amechomwa pini kifuani. Chini ya kila nondo, kwenye pini hiyo hiyo, palikuwa na lebo ndogo kama ukucha wa kidole gumba, iliyosema alikamatwa wapi na lini. Mtunzaji huyo alipewa jina la Bi Pini kwa sababu kola ya koti lake jeupe haikukosa pini tatu au nne zilizochomekwa kwa ajili ya dharura. Katika miaka kumi na minne hakuwahi kupoteza hata mguu wa nondo, na jambo hilo lilimpa kiburi kidogo, tuseme kweli.

Chumba cha pili yake kilikuwa cha Daktari, mzee mpole aliyetumia miaka kumi na tisa kuandika kitabu kimoja. Kitabu hicho kiliainisha kundi la nondo wa rangi ya majani makavu na kuonyesha kwenye ramani kila aina inaishi wapi. Sura ya tano ndiyo iliyokuwa roho ya kitabu. Daktari alishuku kuwa nondo waliodhaniwa kuwa aina moja walikuwa aina mbili zinazofanana kama shilingi kwa ya pili, moja ya bondeni na moja ya mlimani, na kwamba hazichanganyiki kamwe. Ushahidi wake ulikuwa nondo arobaini katika droo moja.

"Lebo haisemi uongo," alipenda kusema. "Nondo asiye na lebo ni vumbi lenye mabawa."

Siku moja Bi Pini aliona kuwa pini za nondo wale arobaini zimeanza kushika kutu, akaamua kuzibadilisha. Kanuni ya kazi hiyo huijua kila mtunzaji: hubadilishwa nondo mmoja mmoja, lebo yake hairuhusiwi kwenda mbali naye. Lakini Bi Pini alitaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Akawachomoa wote arobaini kwa mpigo, akazipanga lebo zao mezani kwa mfuatano, akajiambia kuwa jicho lake halikosei. Ndipo harufu ya dawa ya kuzuia wadudu ilipomtekenya pua. Ilikuwa chafya moja tu, lakini ya haja! Lebo zilipeperuka kama makapi. Nyingine ziliingia chini ya kabati, nyingine zilinasa kwenye nywele zake.

Angeweza kugonga ukuta na kumwita Daktari. Badala yake alifunga mlango kwa ufunguo, akaziokota moja moja, na kwa kuwa hakujua lebo ipi ni ya nani, akawagawia nondo kama mtu anayegawa karata.

Mwezi uliofuata Daktari aliwachukua wale arobaini, akampa kila mmoja namba, akawachunguza viungo vya ndani kwa hadubini. Alikuta kweli ni aina mbili. Lakini kila alipozisoma lebo, aina zote mbili zilionekana bondeni na zote mbili zilionekana mlimani.

"Ajabu hii," alimwambia Bi Pini, sauti imemshuka. "Miaka yote nimedhani hawachanganyiki. Haya, lebo haisemi uongo."

Akaifuta ramani yake aliyoichora kwa rangi mbili zilizotengana, akachora nyingine ambayo rangi hizo zimechanganyika kama uji. Bi Pini alimshikia karatasi isiteleze.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Wanasema siku za mwizi ni arobaini, lakini zake zilipita mia mbili na hakuna aliyemkamata, na kutokukamatwa huko ndiko kulikomtesa. Chakula kilimshinda. Mume wake, aliyekuwa fundi cherehani, alimtazama jioni moja akiwa na futi shingoni.

"Mke wangu, gauni hili nimelipunguza mara mbili mwaka huu. Una nini?"

"Kazi tu, baba watoto."

"Kazi gani hiyo inayokula watu?"

Bi Pini aliinuka akaenda kuosha vyombo. Kazini nako alikuwapo Dereva, aliyeendesha gari la makumbusho katika safari zote za utafiti na kubakiza mwaka mmoja tu astaafu. Kila siku saa nne asubuhi alipanda ngazi na chupa yake ya chai, wakanywa pamoja kwenye meza iliyo nje ya chumba cha nondo. Dereva alikuwa mtu wa utani.

"Dada, mbona unaikoroga tu chai? Sukari imeshayeyuka tangu jana."

"Nina mambo, kaka."

"Basi yataje tuyagawane."

"Haya hayatajiki," alijibu Bi Pini, na Dereva, kwa kuwa mstaarabu, hakumchimba.

Miezi minane ikapita hivyo. Asubuhi moja Daktari aliingia akiwa na furaha ya bwana harusi, mkononi ana kurasa zote za kitabu zilizotoka kwa mchapaji ili zihakikiwe kwa mara ya mwisho.

"Kesho zinarudi kuchapwa," alisema. "Lakini nataka uone ukurasa huu kwanza." Akasoma kwa sauti: "Zaidi ya wote namshukuru mtunzaji wetu, ambaye mikononi mwake haijawahi kupotea lebo hata moja."

Maneno yale yalimchoma Bi Pini kuliko pini. Alitazama ramani ya sura ya tano, rangi zimevurugika, na jina zuri la mzee wa watu likiwa chini yake. Akapiga moyo konde.

"Daktari, futa sentensi hiyo. Na ramani hiyo ni ya uongo. Uongo wenyewe ni wangu."

Akaeleza yote: haraka yake, chafya, mlango alioufunga na lebo alizozigawa kwa kubahatisha. Daktari alivua miwani, akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Miezi minane?"

"Miezi minane."

"Na mimi nilikuwa hapa, ukuta wa pili."

"Niliona aibu, Daktari. Nisamehe."

Mzee aliipitishia ramani kidole, kutoka bondeni hadi mlimani. Hatimaye alisema kwa huzuni, bila ukali, "Basi hawa arobaini ni vumbi. Sura ya tano naing'oa kesho. Kitabu kitatoka bila roho." Bi Pini alilia kwa sauti, naye hakujali tena nani anamsikia.

Aliyemsikia alikuwa Dereva, maana saa nne ilikuwa imefika. Alisimama mlangoni na chupa yake ya chai.

"Kuna msiba?"

Safari hii Bi Pini hakuficha kitu. Alimweleza Dereva kisa chote mbele ya Daktari, kisha akamfungulia droo. Dereva aliinama, akawatazama wale nondo, akainua kichwa.

"Si hawa wa ile safari tuliyovunja springi? Hawa nawajua. Wa bondeni niliwakamata mimi."

"Wewe?" Daktari alishangaa.

"Umesahau, mzee. Bondeni ulikuwa hemani, homa imekulaza, unaweweseka. Nilitandika shuka, nikawasha taa, nikawakamata. Kuwachoma pini niliogopa, nisije nikakuharibia. Nikawakunja kwenye bahasha za karatasi, mabawa yamefumbwa, nikazibana chini ya kiti changu mpaka tuliporudi mjini. Mlimani ulikuwa umeshapona, ukawachoma mwenyewe asubuhi ile ile, wakiwa wabichi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wangu walisafiri siku nne wamelalia ubavu. Nipeni kioo cha kukuzia."

Dereva alivuta kiti. Kwa kibano chenye ncha laini alimwinua nondo mmoja baada ya mwingine, akamtazama kifua kwa upande.

"Huyu wangu, kifua bapa, kimebanwa. Huyu wako, Daktari, mviringo, ameshiba. Huyu wangu. Huyu wangu tena, masikini, nilimkalia kweli."

Bi Pini aliwapanga kwenye droo mbili. Walipomaliza, wa Dereva walikuwa ishirini na wawili na wa Daktari kumi na wanane. Bi Pini alizihesabu lebo, kisha akazihesabu upya, kwani hakuyaamini macho yake: za bondeni ishirini na mbili, za mlimani kumi na nane.

Daktari alikimbilia chumbani kwake, akarudi na daftari la hadubini, ambalo Dereva hakuwahi kuliona hata jalada lake. Alisoma namba za nondo wa bondeni moja baada ya nyingine, na mbele ya kila namba aliitaja aina: "Ya kwanza. Ya kwanza. Ya kwanza." Akafika mwisho bila hata mmoja kwenda kinyume. Akahamia kwa wa mlimani. Wote walikuwa aina ya pili.

"Hawachanganyiki!" alipiga kelele mzee yule, akasahau umri wake na kumkumbatia Dereva, chai ikamwagika na hakuna aliyeitazama. "Nilikuwa sahihi! Hawachanganyiki!"

Bi Pini alishusha pumzi ndefu iliyotoka tumboni kabisa. Alijisikia mwepesi, akacheka na kulia kwa pamoja, asijue kipi akianze na kipi akimalize.

Daktari alipotulia, alimgeukia. "Mwanangu, utaandika lebo ya pili kwa kila nondo, kwa mwandiko wako, ueleze kilichotokea na jinsi kilivyorekebishwa. Na maelezo hayo yatakuwamo kitabuni, neno kwa neno."

"Nitaandika, Daktari. Na ile shukrani?"

"Ile naifuta, kwa sababu si ya kweli. Nitaandika kuwa mtunzaji alisema kweli siku moja kabla ya kitabu kuchapwa, na dereva akakiokoa. Hiyo inanitosha."

Dereva alikuwa akikung'uta chupa yake tupu, akitikisa kichwa. "Miezi minane, dada! Kila siku saa nne tumekaa meza moja, goti kwa goti. Unakonda mbele yangu, na dawa yako ninayo mimi. Ungenong'ona tu!"

"Ningenong'ona tu, kaka," alikubali Bi Pini.

Na huo ndio ukweli uliomgharimu miezi minane kuujua. Mkunga awe hodari namna gani, hawezi kumzalisha aliyejifunika gubigubi mbele yake. Mficha uchi hazai.