Hodi ya Mlango wa Jikoni

Ufunguo hurithiwa, hodi hairithiwi.

Babu Anyosisye aliyasema maneno hayo akimtazama binamu yangu Gwakisa, ambaye alikuwa ameachiwa kibanda cha chai pale stendi ya Kyela na rafiki yake aliyehamia Mbeya. Kaachiwa kibanda, kaachiwa birika, kaachiwa hata benchi ambalo bado lina joto la wateja. Wateja wenyewe tu ndio hawakuachwa. Tangu asubuhi Gwakisa alikuwa akilalamika, na sisi tuliokuwa tukipukuchua mahindi tulikuwa tumechoka kumhurumia. Babu alipotoa methali yake tukamuuliza ni wahenga gani waliosema hivyo, maana shuleni tulikariri methali mpaka tukaota nazo, na hiyo haikuwamo.

Babu akatupa jicho jikoni, alikokuwa Bibi Subilaga, kisha akashusha sauti. "Wahenga wengine hawajafa. Mmoja yuko hapo anakaanga dagaa. Msimshtue."

Basi methali hii, kwa maelezo ya Babu, haikuzaliwa zamani za kale. Ilizaliwa Mzuzu, nchini Malawi, na mkunga wake alikuwa wivu.

Babu alikuwa na dada yake, Tusekile. Huyu na mke wa Babu, yaani huyo Bibi Subilaga wa dagaa, walianza kuuza mchele msimu mmoja, kwenye meza moja, kwa mizani moja. Tusekile akaanza kuvuka mpaka kupeleka mchele Mzuzu. Kule ni mji wa baridi na manyunyu, na yeye alilala juu ya magunia katika maduka ya watu hadi mgongo ukakataa. Ndipo akaiona nyumba ya vyumba vitano yenye jiko uani, mali ya Mzee Chavula. Wakapatana aikodi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, aifanye nyumba ya wageni. Kwa kuwa alikuwa raia wa nchi nyingine, ofisini walimpa kibali cha biashara, lakini kibali kile kilifungamanishwa na nyumba ile. Nyumba ikimponyoka, na yeye hana tena sababu ya kukaa nchi ya watu.

Tusekile akatia mapazia, akanunua mablanketi mazito, akaandika kibao mlango wa mbele. Haukupita muda, vyumba vikawa havikauki watu.

Habari zikafika Kyela, na zilipomfikia Subilaga zilimkalia kooni kama mwiba wa samaki. Alisema hana wivu. Aliwaambia majirani kwamba hana wivu, akawaambia wanakwaya, akasema mara nyingi kiasi kwamba hata kuku wa hapa nyumbani walikuwa wanajua hana wivu. "Mimi namwombea mema," alikuwa akisema, "ila nashangaa tu." Na kushangaa kwake kulikuwa na kazi kweli. Watu walipoanza kumwita Tusekile Mama Malawi, Subilaga aliacha kula mchana. Tusekile alipokuja likizo na kusimamishwa kanisani kusalimia, Subilaga alikohoa tangu salamu ilipoanza hadi ilipokwisha. Alipovuka mpaka mwenzake, yeye alikuwa amekaa akisubiri kumwona akirudi analia. Sasa anarudi na viatu vipya.

Mwisho akafunga safari kwenda kumtembelea. Alipokewa vizuri, na kupokewa vizuri kukamuuma zaidi. Alipapasa mablanketi, akanusa sabuni, akavuta mapazia kuona kama yameshonwa pindo. Akagundua jambo. Wageni hawakuwa wakiingia kwa mlango wa mbele wenye kibao. Walipita njia ya nyuma, ile inayotoka makaburini, wakasimama kwenye mlango wa jikoni wakaita hodi. Hapo mlangoni palikuwa na ndoo. Kila asubuhi Tusekile aliijaza maji, akatia na majani kidogo, na hakuna mtu wa nyumbani aliyeyatumia. Mgeni akifika ananawa mikono, anaingia, anaomba chumba.

Subilaga akaweka mbili na mbili, akapata kumi. Ile ni dawa ya kuvuta wateja. Maji ni ya kufumba watu macho, na chini ya kizingiti lazima pamefukiwa kitu.

Angeuliza tu, angejibiwa kabla ugali haujapoa. Lakini mwenye wivu haulizi. Akiuliza ataonekana hajui, na akijibiwa huenda akalazimika kusifu. Katika siku zile alizokaa, Tusekile alijifunga kitenge zaidi ya mara moja, akajitwisha kuni akaenda msibani, akamkaribisha wifi yake wafuatane. Subilaga alijibu kwamba yeye hakupanda basi kutoka Kyela ili aje kulia.

Aliporudi nyumbani alimwambia Babu kwamba Tusekile anatafuta mbia. Babu akafurahi kuona wifi na wifi wanapatana, akakubali liuzwe shamba la mpunga la bondeni, lile walilolitegemea. Yakanunuliwa mabati. Kisha Subilaga akarudi Mzuzu kimya kimya, moja kwa moja hadi kwa Mzee Chavula. Mzee huyu aliwahi kufanya kazi Mbeya, na Kiswahili chake kilikuwa na kutu ila kilikata. Subilaga akamweleza kwamba wifi yake amechoka na ugeni, anataka kurudi kwao, anaona haya tu kusema. Yeye yuko tayari kuichukua nyumba, na paa lote atalibadilisha. Chavula, ambaye kila mvua ikinyesha husikia lawama, aliyatazama mabati yale kama bwana harusi anavyomtazama bibi harusi.

Mwaka wa mkataba ulipokwisha, alifika kwenye nyumba pamoja na Subilaga. Tusekile alikuwa anakunja mashuka.

"Wifi yako amenieleza unarudi kwenu," Chavula akasema. "Ungeniambia mwenyewe, mwanangu. Nisingekasirika."

Tusekile akaliweka shuka chini. "Narudi kwetu lini, wifi?"

"Wewe si ndiye unayejua?" Subilaga akajibu, macho yakiwa kwenye mapazia. "Mtu hakai ugenini maisha yake yote."

"Na wewe unayeingia, hapa ni kwenu?"

"Mimi sijasema nitakaa sana."

Chavula akakohoa. Alikuwa ameshaanza kuona alivyoingizwa mjini, lakini mabati yalikuwa yamekwisha kupokelewa. Tusekile akawatazama wote wawili. Akafungua pindo la kitenge, akatoa funguo.

"Shika. Mablanketi ya chumba cha mwisho hushika unyevu, uwe unayaanika. Halafu ile ndoo ya mlango wa jikoni..."

"Ya ndoo usinifundishe," Subilaga akamkata. "Naijua."

Hapo Babu alipukuchua hindi zima, kisha akasema kwamba laiti mkewe angelisikiliza neno lile la ndoo hadi mwisho, labda hata shamba la bondeni lingekombolewa.

Kazi ya kwanza ya Subilaga ilikuwa kumwita kibarua achimbe kizingiti. Akachimba hadi shimo likamfika magotini. Wakapata kijiko kilicholiwa na kutu na kokwa ya embe. Subilaga akakishika kijiko kile kwa koleo la mkaa, akaenda kukitupa mbali, akarudi bila kugeuka nyuma. Ndoo akaipasua. Na ili kilichotoka kisije kikarudi, mlango wa jikoni akauziba kwa matofali. Akaweka kengele mlango wa mbele, akavaa gauni jipya, akaketi sebuleni kusubiri.

Kengele haikulia. Siku moja ililia akaruka. Kumbe ni mbuzi anajikuna mlangoni.

Upande wa pili, Tusekile alikuwa amepewa muda mfupi na ofisi: apate nyumba nyingine au afunge mizigo avuke mpaka. Ng'ambo ya ile njia ya nyuma aliishi mjane aliyeitwa NyaGondwe. Mumewe alipofariki, Tusekile alikaa naye matanga yote, akilala chini na akimchotea maji kama ndugu wa tumbo moja. NyaGondwe akatoa mahindi yake kwenye vyumba viwili, akayapanga sebuleni, akamwambia aingie. Kisha akajifunga kitenge, akawachukua wanawake wenzake na mkuu wa mtaa, wakaenda ofisini pamoja. Afisa akasema sheria ni sheria, huyu ni mgeni. NyaGondwe akamjibu, "Mgeni ni yule asiyejua makaburi yetu yaliko." Afisa akavuta kalamu, akaandika kibali kwa nyumba ya NyaGondwe.

Siku chache baadaye akazikwa mwalimu mmoja mzee, mtu aliyependwa. Subilaga alikuwa sebuleni na gauni lake, aliposikia hodi. Si kengele, hodi, tena ya sauti nzito, na ilitoka nyuma. Akakimbilia jikoni mikono mbele, akakumbana na matofali yake mwenyewe. Ng'ambo ya ukuta mtu aliita hodi tena. Subilaga akaitika karibu, karibu sana, akaupiga ukuta kwa viganja. Akasikia sauti ya NyaGondwe ikisema, "Mlango umehamia huku, baba. Njooni huku." Miguu ikaondoka, mingi. Kisha akasikia maji yakichotwa.

Akatoka kwa mlango wa mbele, akaizunguka nyumba yote. Alichokiona kilimfanya asimame kwenye ua. Watu wametoka kuzika, vumbi la makaburini miguuni, wanasubiri zamu kwenye ndoo mpya ya Tusekile, kila mtu ananawa kabla ya kwenda zake, kama desturi ilivyo, hata huku kwetu. Wakishanawa, wa karibu wanaagana. Wa mbali, waliokuja kutoka Rumphi na Nkhata Bay, wanatazama mawingu, wanamuuliza Tusekile kama ana kitanda. Mzee Chavula naye alikuwamo kwenye foleni, viatu vimejaa udongo.

Hakuna aliyemtukana Subilaga. Walimsogezea nafasi tu apite, na hilo ndilo lililomchoma.

"Wifi," akasema, "pale mlangoni ulifukia nini?"

"Sikufukia kitu. Watu wa hapa wakifiwa naenda nao kuzika. Wakirudi wanakuta maji. Ndiyo hayo tu."

Subilaga akamgeukia Chavula, maana aibu ikikosa pa kwenda humwendea aliye karibu. "Mzee, nimeezeka paa lako lote. Nyumba uliyonipa haina wageni."

Chavula alikuwa anajisugua udongo kwenye vidole. "Mimi nilikuwa na ufunguo, mama, nikakupa," akasema. "Hodi haikuwa yangu. Ningekupaje?"

Watu wakasikia, wakaguna, na neno likaanza safari.

Tusekile akamnyooshea wifi yake kata ya maji. Subilaga akasema hajazika mtu, atanawa nini? "Basi kuni zile pale," Tusekile akamwambia. "Matanga yanaanza leo, na kichwa unacho." Subilaga akatazama kuni, akatazama gauni lake, akainama akajitwisha.

Alikaa hadi matanga yakaisha, akamrudishia Chavula funguo, akarudi Kyela. Aliyefaidi ni Chavula, alibaki na paa jipya. Tusekile hakuitaka tena nyumba ile. Alijenga vyumba kwenye ua wa NyaGondwe na wageni wanaingilia jikoni hadi leo. Shamba la bondeni halikurudi. Ndiyo maana sisi ni ukoo wa Kyela unaonunua mchele dukani, aibu ambayo tulidhani ni mipango ya Mungu.

Nikamuuliza Babu kama wivu wa Bibi uliisha siku ile. Akasema wivu si homa, kwamba utameza vidonge usiku, asubuhi uamke mzima. Hata leo Mama Malawi akituma picha, Bibi huvaa miwani kwanza atazame mapazia.

"Baba Tumpe," sauti ya Bibi ikamwita Babu kutoka jikoni, "umewafikisha wapi?"

Babu akashtuka. "Tuko kwenye kijiko."

"Kilikuwa na alama," Bibi akasema. "Mpaka kesho nasema kile kijiko kilikuwa na alama."

Tukacheka hadi punje zikamwagika. Gwakisa peke yake hakucheka. Akauliza polepole kama anatakiwa kuchimba chini ya kibanda. Babu akamuuliza yule rafiki yake, mabasi yalipokuwa yakifika, alikuwa akifanya nini. Gwakisa akafikiri, akasema alikuwa anaacha chai motoni anakwenda kuwashusha vikongwe na mizigo yao, hata wasionunua kitu.

"Na wewe?"

"Mimi nalinda birika."

Jirani mmoja alikuwa amefika kwa nyuma, ametoka kuzika kijiji cha pili, akaita hodi mlango wa jikoni. Tulisikia Bibi akiacha dagaa wake motoni, na kata ikigonga ile ndoo ambayo tangu tuzaliwe tuliikuta pale imejaa maji, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza ni ya nini. "Karibu, nawa," akasema Bibi.

Gwakisa akasimama, akajipangusa makapi, akasema basi la saa tisa linakaribia. Babu akamwacha afike kwenye kona ya nyumba, ndipo akamrudishia ile methali, taratibu, na safari hii hakuna aliyeuliza wahenga gani: ufunguo hurithiwa, mjukuu wangu, hodi hairithiwi.