Kitanda Kilichobaki Kwenye Ramani

Hapo zamani, si ile ya majini na masultani, hii ya karibu, ambapo ofisi ya kijiji ilishakuwa na kompyuta ila haijawa na choo, aliishi Kwamkembe mjane mmoja jina lake Mwanaidi. Eda alishaimaliza, ngozi ilishaanza kung'aa tena, na wanaume walikuwa wakipita mbele ya nyumba yake wakijifanya wanatafuta kuku.

Lakini Mwanaidi hakuwa na usingizi. Marehemu alimwachia mke mwenza, Siwema, mlango unatazamana na mlango. Kila alfajiri Siwema alisimama kizingitini akamwaga matusi: "We Mwanaidi, mume umemuua kwa maharage yako yasiyoiva. Mtu gani anapika maharage kama anachemsha kokoto?" Akimaliza anapiga mswaki. Akimaliza mswaki anaanza upya, sasa na kinywa kisafi.

Watu wakamshauri ahame kijiji.

"Nihamie wapi?" akasema. "Huko nitajuaje nani kaachika?"

Maana habari za Kwamkembe zilipikwa kisimani, na Mwanaidi akishinda bila kuzisikia, hata chakula hakikumshuka. Basi akatangaza: "Atakayenionyesha mahali ndani ya Kwamkembe ambapo matusi ya Siwema hayafiki na umbea wa kisimani unafika, huyo ndiye mume wangu."

Walikuwepo makapera watatu waliofundishwa ramani za kompyuta na wapima ardhi waliopita kijijini. Masomo waligawana kama watu wanaogawana mbuzi: Chande akachukua nukta, Shomari akachukua bafa, Kombo akachukua matabaka. Somo la mwenzako huligusi, kama usivyogusa nyama iliyo upande wake wa sinia. Kwa hiyo kila mmoja alijua theluthi tu, na kila mmoja alijiona mtaalamu mzima.

Alianza Chande. Alfajiri alichukua jipiesi, kile kidude kinachoiuliza setilaiti umesimama wapi, akatembea kutoka mlangoni kwa Siwema huku ameyategea matusi sikio. Pale neno "kokoto" lilipozimika, akasimama, akabonyeza: nukta. Akarudi, akatokea upande mwingine, likazimika, akabonyeza: nukta. Upande wa mteremko matusi yalimpeleka mpaka kwenye mihogo. Kisha akajibanza nyuma ya migomba ya kisimani, apime umbea unafika wapi, wanawake wakamwona, wakammwagia ndoo. Alirudi ameloa chapachapa, lakini nukta anazo.

Akafuata Shomari. Akaziingiza nukta kwenye kompyuta, akachora bafa, yaani ukanda wa kuonyesha kitu kinafika umbali gani kutoka kilipo. Bafa ya matusi akaipaka nyekundu, bafa ya umbea akaipaka kijani.

Mwanaidi alikuwa kwenye benchi la ofisi, akachungulia. "Mbona nyekundu imekimeza kijiji kizima?"

"Bi Mwanaidi, mimi nachora tu," Shomari akasema. "Koo si langu."

Akamalizia Kombo. Akalaza tabaka juu ya tabaka, la matusi juu ya la umbea. "Ni kama mitandio miwili," akamweleza. "Ukiipandanisha ukaiinua kwenye jua, ua la chini unaliona kupitia la juu." Akaiamuru kompyuta: penye kijani bakiza, penye nyekundu kata. Kompyuta ikakata, ikakata, kikabaki kipande kimoja kama ukucha.

"Humo hata kuku hajigeuzi," Mwanaidi akasema.

"Utajenga kwenda juu," Kombo akamjibu.

Alfajiri iliyofuata wakaifuata jipiesi wote wanne. Ikawavusha uwanja, ikawaingiza kwenye nyumba ya watu, ikawapitisha sebuleni, ikawasimamisha chumbani mbele ya kitanda. Juu yake kalala Mzee Magoma, mgane, na shuka lake.

"Hodi," akasema Chande, keshaingia.

"Karibuni. Mmekuja kunizika?"

"Tumekuja kupima, mzee."

"Haya, pimeni. Nami nalala."

Mwanaidi akaketi ukingoni. Ilikuwa saa ya Siwema, na Siwema hakusikika. Kupitia dirishani ikaja sauti ya kisimani, safi kama ya redio: "Mmeona? Mwanaidi kaingia kwa Magoma na wanaume watatu, na mmoja kashika mtambo." Machozi ya raha yakamlenga.

"Mzee, hivi Siwema humsikii?"

"Siwema si alikufa? Mbona nilishamsomea hitima."

Mwanaidi akajisogeza kidogo upande wa miguuni. "...kokoto!" Akarudi upesi alipokuwa, akakishika kitanda kwa mikono miwili.

Hapo ndipo madai yalipoanza.

"Mke ni wangu," akasema Chande. "Nani aliyatembea matusi yote yale kwa miguu? Nani alimwagiwa maji? Bila nukta, hawa wangechora nini, ndoto?"

"Mke ni wangu," akasema Shomari. "Nukta zako zilikuwa mchele uliomwagika. Nani alionyesha sauti inaanzia wapi na kukomea wapi?"

"Mke ni wangu," akasema Kombo. "Mlikuwa na rangi mbili na mjane analia benchini. Nani alikata akakiona kitanda?"

Mzee Magoma akakohoa. "Mimi sikufanya lolote. Ila kitanda hiki miguu yake nimeichimbia ardhini mwenyewe, hakihamishiki. Mkitaka kumwoa, mwoeni akiwa hapo hapo. Nami nitakuwepo."

Wote wanne wakamtazama Mwanaidi. Akataka atoke nje akafikiri, akakumbuka nje kuna Siwema. Akamkataa mmoja kimoyomoyo, akamrudisha. Akamkataa mwingine, akamrudisha. Kule kisimani wakanyamaza, wasikie anasema nini, na yeye hajui anasema nini.

Haya, nyie mliokaa mkicheka, amueni. Chande aliyeloa, Shomari aliyechora, Kombo aliyekata, na Magoma aliyelala. Je, nani alistahili upande wa pili wa kitanda kile?