Kiti Kilichovuta Kushoto

Hadithi hii aliyeisimulia kwanza ni Mjomba Mwachofi, Pasaka ya mwaka 2016, nyumbani kwetu Mgange. "Hapo zamani," alianza, nasi tukacheka, maana mambo yenyewe yalikuwa ya wiki iliyopita. Ninaiandika kama alivyoisema. Nilipokuwa na shaka niliwauliza waliokuwapo.

Hapo zamani, basi, alikuwapo msichana aitwaye Mkamburi. Akili alikuwa nayo, sauti alikuwa nayo, mikono alikuwa nayo. Miguu ilikuwa imepooza tangu utotoni. Alilelewa na shangazi yake, Mghoi, pamoja na kaka yake, Mwandoe. Mwandoe ndiye aliyempeleka shule kwa toroli, kupanda mlima, kushuka mlima. Mkamburi alipofika kidato cha pili, mgongo wa Mwandoe ukaumia. Toroli likakoma, na shule ikakoma.

Voi palikuwa na karakana iliyotoa viti vya magurudumu yenye mota. Sharti lilikuwa moja: uketi kwenye kiti chao cha majaribio, upande mteremko wa saruji, upite kati ya vyuma viwili, ugeuke, ushuke, usiguse chuma. Mkamburi alipanda, akagonga chuma. Wakamwambia arudi kabla ya Pasaka, na kwamba hiyo itakuwa mara ya mwisho.

"Mkono wangu ni mjinga," alisema walipofika nyumbani. "Na sina pa kuufundisha."

Binamu yao Mwakio alikuwa akisomea kompyuta Mombasa. Aliposikia, akasema, "Pa kuufundisha papo." Akaja na kompyuta yake, na kijiti cha kuchezea kilichofanana na kile cha kiti. Ndani ya kompyuta alikuwa na programu ya kutengenezea michezo, ile ambayo ukiweka kitu juu kinaanguka, na ukikisukuma kinateleza.

Mwakio akaandika maagizo ya magurudumu. Kijiti kikienda mbele, mota ya kulia na mota ya kushoto zipate nguvu sawa. Kijiti kikilala kushoto, mota ya kulia izidi. Kijiti kikilala kulia, mota ya kushoto izidi. Kijiti kikiachwa, mota zote zinyamaze na breki zishike. Mara ya kwanza kiti kiliruka juu kikapinduka kama mende.

"Huyo ndiye atakayenipeleka shule?" Mkamburi aliuliza.

"Subiri, nimempa nguvu za lori," alisema Mwakio, akapunguza.

Umbo la kiti alilichora Mwandoe. Alikuwa amekipiga picha kile cha Voi, naye ni mtu wa kunakili alichokiona, asiongeze wala asipunguze. Mteremko akauchora, vyuma akavichora, kiti akakichora. Mkamburi akaanza kuendesha.

Kiti kikavuta kushoto. Akisukuma mbele, kinaenda kushoto. Akipanda, kinaenda kushoto. Akagonga chuma, akarudia. Akagonga, akarudia.

Mwakio akasoma maagizo yake mstari kwa mstari, asione kosa. "Nipeni kompyuta nirudi nayo Mombasa," alisema. "Nikae nayo wiki mbili, nitawaletea kiti kilichonyooka."

Shangazi Mghoi akasimama mlangoni. "Kompyuta haitoki hapa."

"Shangazi, kiti ni kibovu!"

"Kibovu anachokiendesha leo ni bora kuliko kizima kilichoko Mombasa. Wewe nenda, mwanangu. Kompyuta ibaki."

Mwakio akaondoka mikono mitupu, amenuna. Mkamburi akabaki na kiti kinachovuta kushoto. Kikivuta, anakirudisha kulia. Kikivuta, anakirudisha. Mwishowe mkono ukawa unakirudisha wenyewe, huku yeye akimjibu shangazi habari za maharage.

Siku ikafika, Mwakio akarudi, wakaenda Voi wote, na kompyuta wakaibeba. Mkamburi akaketi kwenye kiti cha majaribio. Akapanda mteremko. Kiti kikavuta kushoto, mkono ukakirudisha. Akapita kati ya vyuma, akageuka, akashuka. Hakugusa kitu.

Fundi akamkodolea macho. "Dada, tairi la kushoto la kiti hiki limelika. Sisi wenyewe tumeligundua juzi, jipya tumeliagiza. Umejuaje kukishika hivyo?"

Mwakio akafungua kompyuta palepale, na safari hii akaacha maagizo yake akapima magurudumu. La kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Mwandoe alikuwa amesimama upande wa kulia alipopiga picha, na gurudumu la mbali likaonekana dogo. Naye akalichora dogo.

Mkamburi akapewa kiti chake, kipya. Nyumbani akachinjwa mbuzi. Kwetu kidari, ile nyama ya kifua, hakikatwi. Hupewa mtu mmoja, aliyesaidia kuliko wote, na mwenye kukitoa ni yule aliyesaidiwa. Kikawekwa kwenye sahani, sahani ikawekwa mapajani mwa Mkamburi.

Mwakio akasema, "Bila mimi hapangekuwa na kiti cha kuvuta popote. Kila mzunguko wa magurudumu yale ni maagizo yangu."

Mwandoe akasema, "Maagizo yako yalikuwa ya kiti kilichonyooka. Angejifunza hicho, angegonga tena. Gurudumu langu ndilo lililompitisha."

"Kwa hiyo siku hizi kosa linalipwa nyama?"

"Kosa hilo umelisaka wewe, msomi, hukuliona!"

Shangazi Mghoi akasema, "Na nani alizuia lisirekebishwe? Nyinyi wawili mngekuwa mmeshalinyoosha."

"Shangazi," alisema Mwandoe, "ulizuia kompyuta kwa sababu ya filamu zako za jioni."

"Filamu nilitazama mtoto akishamaliza! Mgonjwa wa mgongo wewe, mdomo ni mzima."

Watu wakacheka sana. Lakini kila mmoja wa wale watatu alikuwa amesema kweli. Mjomba Mwachofi akauliza, "Na aliyegonga na kurudia je?"

Mkamburi akajibu, "Mtu hajipi kidari, Mjomba."

Akashika sahani kwa mkono mmoja, kijiti kwa mkono mwingine. Kiti kikaondoka kuvuka uwanja, na wote watatu wakageuza shingo kukifuata.

Mjomba alikuwa akiishia hapo. Yeye amefariki. Shangazi Mghoi naye amefariki. Mwakio yu hai, yuko Mombasa. Mwandoe yu hai, mgongo haujapona vizuri. Mkamburi yu hai, anafundisha hesabu Wundanyi, na kila nikimuuliza alimpa nani hukataa kunijibu mpaka nimwambie mimi ningempa nani. Sijamwambia bado. Je, nani alistahili kidari kile: aliyeandika maagizo, aliyekosea gurudumu, au aliyekataa lisinyooshwe?