Mgeni wa Bi Nuruana

Bwana Semkiwa, msimamizi wa ukarabati aliyesifika Tanga nzima, alilibomoa bafu la Bi Nuruana, akamwachia michoro ya rangi, kisha akawahamishia mafundi kwenye jumba la tajiri mmoja. Kila akipigiwa simu alijibu, "Mama, kazi ya kitaalamu haitaki haraka."

Siku moja Bi Nuruana alimpigia kwa upole.

"Sikusumbui, baba. Nimepata mgeni tu, mama mtu mzima. Nimemwalika akae hapa mpaka bafu liishe. Kwa sasa anaogea uani, nyuma ya khanga."

"Atavumilia," alisema Semkiwa. "Wazee wamezoea."

"Yupo hapa kando yangu, nami nimemwambia umesema hivyo. Anaomba akusalimie."

Simu ikapokezwa.

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mzazi wa mkewe, "kumbe wewe ndiye msimamizi?"

Semkiwa alijikuta amesimama wima, peke yake ofisini. "Shikamoo, mama."

Kabla ya adhuhuri mafundi wote walikuwa kwa Bi Nuruana, na msimamizi mwenyewe alibeba vigae. Bi Nuruana alimmiminia mgeni wake chai, akamsihi asiondoke upesi, kwani paa la jiko nalo lilikuwa linavuja.