Jiwe la Bwana Soksi

Jiwe la kuazima, zamu si yako. Jana mlimsikia Mama Sifaeli akisema hivyo mkutanoni, mkacheka, mkadhani ni maneno ya kizee tu. Haya, kaeni vizuri niwaeleze. Methali hii ilizaliwa papa hapa mlimani kwetu, enzi za ukoloni, na aliyeizaa ni mwanamke aliyekuwa amekosea.

Jina lake Nakijwa. Siku hizo mahindi yalisagwa kule tambarare, kwenye mashine ya mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge. Watu walimwita Bwana Soksi, maana soksi zake zilifika magotini hata jua liwake namna gani. Kushuka huko ni nusu siku, kupanda usiseme. Na ukifika, mtu mweusi huna zamu. Hata uwe umetangulia alfajiri, akija mzungu mwingine, au yakija magunia ya chakula cha nguruwe wa bwana, kapu lako linasogezwa nyuma. Nakijwa aliwahi kukaa pale siku mbili, mtoto mgongoni. Akarudi na unga unaonuka pumba za nguruwe, akalia njia nzima.

Ndipo akasema, "Jamani, mfereji tunao. Babu zetu waliuchimba kwa mikono yao, na maji yanaporomoka bure pale bondeni. Kwa nini tusijenge kinu cha maji, kiwe chetu sote?"

Baragumu likapigwa, watu wakatoka msaragambo, ile kazi ya wote kwa faida ya wote. Eh, siku zile! Wanaume wanapasua magogo ya gurudumu, wanawake wanabeba mawe ya ukuta, nyimbo tangu asubuhi, na makande yanachemka kwenye chungu kimoja. Siku hizi ukimwomba mtu ashike jembe, anauliza posho kwanza. Nawaonea huruma kwamba hamkuyaona hayo.

Likabaki jambo moja: mawe mawili makubwa ya kusagia. Kuyachonga ni kazi ya miezi, na watu walikuwa wamechoka. Bwana Soksi akapanda mlima na nyumbu wake wa kubebea mizigo, akakizunguka kinu, akatabasamu.

"Nina mawe ya zamani yamelala majanini. Chukueni. Sitaki hata senti. Siku nikiwa na haja, mtanisagia."

Mzee Senzota, fundi wa gurudumu, akakuna kidevu. "Nakijwa mwanangu, tuchonge ya kwetu."

"Baba, mtu anakupa bure, unakataa?" Nakijwa akajibu. Alikuwa amechoka kuliko wote. Basi mawe yakaja, vigelegele vikapigwa, na msimu mzima watu wakala ugali bila kushuka mlima.

Mwaka uliofuata mvua ikakosekana. Watu walishindia mboga za porini. Mavuno haba yalipopatikana, kila nyumba ikakimbilia kinuni. Nakijwa alikuwa na pishi mbili za mahindi, na nyumbani watoto watatu waliolala na njaa. Zamu yake ilikuwa ndiyo imefika, kapu liko mkononi, mara akatokea nyapara wa Bwana Soksi na punda sita wenye magunia.

"Mashine ya bwana imeharibika," akasema. "Wekeni makapu pembeni. Nguruwe wa bwana wanasubiri."

"Nguruwe? Kaka, kinu hiki ni chetu!"

"Kinu ni chenu, mama. Jiwe la nani?"

Watu wote wakamtazama Nakijwa. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, kwa kuwa jibu alikuwa nalo. Akaweka kapu chini, akapanda hadi mferejini, akateremsha ubao wa kuzuia maji. Gurudumu likasimama.

"Shukrani ya punda ni mateke!" nyapara akafoka.

"Sawa, mimi ni punda. Mwambie bwana achukue mawe yake."

Watu wakaja juu. "Nakijwa, una wazimu? Watoto watakula nini?"

"Mimi ndiye niliyewaingiza humu," akasema, machozi yanamtoka. "Nisameheni. Leo tutasaga kwa mkono kama bibi zetu. Kesho naanza kuchonga."

Akaenda mwambani peke yake. Siku ya pili akaja Mzee Senzota na nyundo, wala hakusema "nilikwambia." Siku ya tatu baragumu likalia. Wakachonga miezi miwili, mikono imechubuka. Jiwe la kwanza likapasuka katikati, Nakijwa akaketi chini akalia kama mtoto. Wakaanza jingine.

Siku kinu kilipoanza kusaga tena, Bwana Soksi alifika mwenyewe, nyumbu amebeba magunia mawili. Mashine yake ilikuwa bado mbovu. Mbele yake alisimama ajuza mmoja, Bibi Namsifu, na kibaba chake cha mahindi kwenye kitambaa. Bwana Soksi akampita kama alivyozoea, akaenda moja kwa moja mpaka kinuni.

Nakijwa hakupaza sauti. "Karibu sana, bwana. Utasagiwa kama watu wote. Zamu yako ni baada ya bibi huyu."

Mzungu akayatazama yale mawe mapya meusi yanavyozunguka. Akarudi nyuma, akasimama. Bibi Namsifu akasagiwa kibaba chake taratibu, akakung'uta kitambaa chake, na hakuna aliyemharakisha.

Tangu siku hiyo, wanangu, hapa kwetu anayeletewa cha bure huambiwa: jiwe la kuazima, zamu si yako.