Jina la Mnyama Mwenye Manyoya Shingoni

Hapo kale, wanyama walipokuwa hawajapata majina, mji wa Kilangwe ulikuwa na Jumbe aliyependa jina lake kuliko chakula. Hata mtu akipiga chafya, sharti alitaje. Aliyewapa wanyama majina alikuwa Bi Mwatime, mfupi wa kimo, mrefu wa akili. Jumbe akamwita.

"Yule mwenye manyoya shingoni, anayenguruma porini, mpe jina langu. Ukikataa, hama mji."

"Nani akatae, Jumbe? Lakini ukitaka kutajwa sana, chukua huyu," akasema Bi Mwatime, akimwonyesha ndege aliyekuwa akipekua jalala. "Atatajwa jikoni, atatajwa sokoni, hata harusini."

"Mimi niwe kitoweo? Nataka anayetisha kuliko wote!"

"Haya, bwana wangu. Umetaka mwenyewe."

Ngoma ikapigwa, jina likatangazwa. Kesho yake Jumbe akapita sokoni ametega sikio. Kimya. Akamkamata mfinyanzi mmoja. "Nitaje!"

Mfinyanzi akaziba mdomo kwa viganja. "Unataka tuliwe? Mnyama mkali hatajwi jina, Jumbe. Ukimtaja, umemwita."

Jumbe akamwendea Bi Mwatime mbio. "Sasa mnyama huyo mnamwitaje?"

"Tunasema Simba tu, asijue kuwa ni yeye."

"Na mimi je?"

Bi Mwatime akatupa jicho kichakani, akashusha sauti. "Wewe tunasema 'yule'."

Kisa kimetufikia bila jina lake. Waliolijua hawakuthubutu kulisema.